Jina Lililobaki Kwenye Jalada

Wanafunzi walimwita Mama Wastani, na mwenyewe alijua. Aliwahi kulikuta jina hilo limeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye meza ya safu ya tatu, herufi zimepambwa kwa vimaua. Akacheka peke yake, akaliacha. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifundisha takwimu mwaka wa kwanza, katika chuo kikuu ambacho majengo yake yalipakwa rangi upande ule tu unaoonekana kutoka getini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nyembamba iliyokuwa ikichoka ikifika saa tano, na kila siku alitembea na chupa ya maji ya uvuguvugu kama mgonjwa.

Ukumbi wake ulikuwa na nguzo nane katikati. Wanafunzi walikuwa mia tatu na kitu, na waliochelewa walikaa nyuma ya nguzo, wakamsikia bila kumwona. Mwaka wake wa tano aligundua kwamba waliokaa nyuma ya nguzo ndio walioongoza kwa kuanguka mtihani. Mwalimu mwingine angelaumu uvivu. Yeye akaanza kuhesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi aliyosomea.

Basi kila mwisho wa kipindi akawa anagawa vikaratasi, vipande vya karatasi za mitihani ya zamani alivyokata kwa mkasi nyumbani, na swali lilikuwa lilelile: leo umepotea wapi? Asiandike mtu jina. Wengine waliandika "sijapotea", wengine wakachora picha. Mmoja aliandika "nimepotea tangu Februari". Lakini vilipokusanyika mamia kwa mamia, akavipanga kwenye maboksi ya viatu, jambo moja likajitokeza waziwazi. Takwimu zenyewe hazikuwa zikiwashinda watoto hawa. Walikwama chini yake, kwenye sehemu, asilimia, kuhamisha namba upande mmoja wa mlinganyo kwenda wa pili. Mambo hayo yalikuwa na somo lake, Hisabati za Msingi, na somo hilo kwenye ratiba lilikuwa muhula wa pili. Yaani takwimu zilitangulia, hesabu za kuzielewa takwimu zikafuata nyuma.

Alipomuuliza karani wa ratiba nani alipanga hivyo, karani alipandisha mabega. "Mimi nimeikuta hivyohivyo, mama. Hata aliyekuwepo kabla yangu aliikuta hivyohivyo."

Jioni alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa fundi miwani, na duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba yao. Mumewe alikuwa amekunja uso, anakaza skrubu isiyozidi punje ya sukari.

"Mimi mteja nampima macho kwanza, ndiyo nampa miwani," alisema bila kuinua kichwa. "Kumbe nyie wasomi mnampa miwani, halafu ndiyo mnampima."

Mama Wastani alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake aliwasimulia wenzake ofisini, na wao wakacheka, na mambo yakaishia kwenye kicheko. Yangebaki hapo, kama si shemeji.

Huyu shemeji alimuoa mdogo wake wa pekee, mdogo ambaye Mama Wastani alimlea kwa mkono wake tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamsuka nywele asubuhi ya harusi. Shemeji naye alikuwa mhadhiri palepale chuoni, idara ya biashara, mtu wa suti na maneno matamu, mwepesi wa kukumbuka majina ya watoto wa watu. Alipanda haraka. Kabla ya miaka arobaini na tano alikuwa naibu mkuu wa kitivo, na mambo ya taaluma yote yalipita mikononi mwake. Mama Wastani alijivunia. Kwenye vikao, wengine walipomsengenya huyo naibu, yeye alikuwa mwepesi wa kusema, "Huyo ni mtoto wa nyumbani, namjua."

Jumapili moja wamemaliza kula nyumbani kwa Mama Wastani, mdogo wake yuko jikoni anaosha vyombo na kuimba, shemeji akafuta mikono, akasogeza kiti karibu.

"Shemeji, mkuu anataka mawazo ya kuboresha ufundishaji na mpangilio wa masomo. Anasema tunaanguka vibaya. Nikamwambia, mtu ninaye, tena wa nyumbani kabisa."

"Mimi? Si watanicheka?"

"Nani akucheke wewe? Chuo kizima kinajua hutii chumvi. Andika yote. Usifiche kitu. Mimi nitasimama nayo mpaka mwisho."

Fundi miwani, ambaye mezani alikuwa na kawaida ya kusema maneno matatu, siku hiyo alisema mengi kidogo. "Na wakiyakatakata?"

"Akate nani, kaka, na mimi nipo?"

Ilimchukua miezi minane. Alifungua maboksi yake ya viatu, akahesabu vikaratasi maelfu kwa maelfu. Aliketi nyuma ya nguzo katika vipindi vya wenzake, kwa ruhusa yao, akaandika alichosikia na ambacho hakusikia. Aliongea na wanafunzi walioacha masomo. Mmoja alimkuta akiuza simu, akamweleza msimamo wake juu ya mitihani huku akimbandikia mteja kioo. Na alikwenda kwa Mzee Chaki.

Mzee Chaki ndiye aliyefundisha Hisabati za Msingi. Jina hilo alilipata kwa sababu projekta hakuitaka hata kuiona. Alikuja na chaki yake mfukoni, imefungwa kwenye karatasi kama dawa. Alimfundisha Mama Wastani alipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa asiyejua hata kuuliza swali, na ndiye aliyemwambia, mbele ya darasa zima, "Wewe kichwa chako kinafanya kazi, ila mdomo wako una kutu." Sasa alikuwa ameshastaafu, akifundisha kwa mkataba wa mwaka mmojammoja. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, dirisha lake halikufunga, ikinyesha alihamisha vitabu kutoka rafu moja kwenda nyingine.

"Mwalimu," alimwambia, "nataka uniambie ukweli kuhusu somo lako. Mazuri na mabaya."

Mzee akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Ukweli? Wiki tatu za mwanzo narudia mambo yako. Wastani, asilimia, michoro. Wanakuwa wameshayasikia kwako, hawakuelewa, na kwangu wanasinzia. Na wiki ya mwisho sina jipya, narudia tena yaleyale na kuwapigia hadithi za zamani. Ningeanza mimi, ukafuata wewe, wiki hizo nne ningezitumia kuwafanyisha mazoezi, mmoja mmoja, mpaka waive. Hilo nimelisema miaka na miaka."

"Niandike?"

"Andika, mwanangu. Kwako sina wasiwasi."

Akaandika. Kurasa arobaini na moja zilipotoka kwenye mashine zilikuwa bado za moto, na yeye akazikumbatia kama anayebeba mtoto kutoka kliniki. Alichopendekeza hakikuwa cha ajabu. Somo la Mzee litangulie, la kwake lifuate. Yale marudio ya wiki nne yageuzwe mazoezi, katika vikundi vya watu ishirini na tano, vikisimamiwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu chini ya jicho la mhadhiri. Mtihani mmoja mkubwa wa mwisho uvunjwe vipande vinne, ili mtoto aliyeteleza Machi ajue Machi, asingoje Juni. Na kila mwalimu agawe vikaratasi. Juu ya jalada, jina lake kamili na cheo chake.

Shemeji alimpigia simu siku ya tatu. "Nimeisoma yote bila kuinuka. Hii hakuna wa kuipinga." Kisha akauliza jambo moja tu. "Ukurasa wa kumi na saba, hapo kwenye wiki nne za marudio. Una uhakika?"

"Nina uhakika. Mzee mwenyewe kanithibitishia."

"Vizuri. Basi ongeza hapo kwamba mwenye somo mwenyewe amekiri. Inatia uzito."

Akaongeza. Hata moyo ukamjaa furaha, kwamba kumbe shemeji anajali ushahidi kiasi hicho.

Baraza la kitivo lilikutana Alhamisi moja asubuhi, kwenye chumba chenye meza ndefu na viti ambavyo kila kimoja kililia kwa sauti yake. Katibu muhtasi alipita akigawa karatasi. Mama Wastani alipopewa yake, alidhani ni muhtasari tu, kwamba ripoti yenyewe inakuja. Ilikuwa kurasa mbili. Juu kabisa, kwa herufi nzito: Mapendekezo ya Kuboresha Ufundishaji, na chini yake jina lake.

Akasoma. Somo la Hisabati za Msingi lifutwe, kwa kuwa utafiti umebaini kuwa ni marudio, jambo ambalo mwalimu wa somo mwenyewe amelikiri. Madarasa matatu ya takwimu ya idara tatu yaunganishwe kuwa darasa moja. Nafasi za walimu zitakazobaki wazi zisijazwe. Kuhusu vikundi vidogo na mtihani wa vipande, mstari mmoja: yatazingatiwa baadaye hali itakaporuhusu.

Alitazama ng'ambo ya meza. Mzee Chaki alikuwa ameshafika mwisho wa ukurasa wa pili. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni taratibu, kama mtu aliyefika kituo chake. Wala hakumtazama.

Mama Wastani akanyoosha mkono. Sauti yake, ile nyembamba, ilitoka nusu. "Mwenyekiti, hiki sicho nilichoandika."

Shemeji ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Akatabasamu kwa upole. "Shemeji... samahani, Daktari. Kila kilichomo humu kimetoka kwenye ripoti yako. Kuna namba hapo ambayo si yako?"

"Namba ni zangu. Lakini..."

"Basi tunakushukuru sana. Hoja zako nyingine tutazizingatia baadaye."

Watu wawili watatu walicheka kidogo, si kwa ubaya, walicheka lile neno "shemeji". Kisha wakapiga kura. Mikono ikapanda. Yeye hakunyoosha wa kukubali wala wa kukataa, na jambo hilo lilikuja kumsumbua kuliko mengine yote, kwamba mikono yake ilibaki juu ya meza kama ya mtu mwingine.

Alimfuata ofisini kwake mchana huohuo. Alipita mbele ya katibu muhtasi bila kumsalimu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Shemeji alifunga mlango, akamvutia kiti ambacho Mama Wastani hakukikalia. "Ningekuambia, ungekataa," alisema, bila hata kujitetea, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda benki. "Agizo la kupunguza lilikuja mwaka jana, kabla hujaandika mstari mmoja. Lilikuwa lipite tu. Ningelileta mimi, wangesema naibu anawatoa watu kafara. Nilihitaji mtu ambaye wote wanamwamini."

"Kabla sijaandika?"

"Shemeji, nisikilize..."

"Pale mezani kwangu, siku ile, ulikuwa unajua?"

Shemeji alipanga kalamu zake. Na Mama Wastani akaelewa kwamba alisifiwa kwa kweli. Zile sifa zote, kwamba hatii chumvi, kwamba chuo kizima kinamjua, zilikuwa sifa za kweli, na ni kwa sifa hizohizo alitumiwa. Laiti shemeji angeiba jina, akaiita kazi ile yake, yeye angelia mara moja yakaisha. Huyu alimwachia jina lake lote, juu ya jalada, kila aliyeumia alisome.

Nao walilisoma. Mkataba wa Mzee Chaki haukuongezwa tena. Wahadhiri wawili vijana, waliokuwa wakifundisha takwimu kwenye idara nyingine, waliambiwa watafute pengine. Mmoja wao, msichana mchangamfu aliyekuwa akimwita "dada" na kumwomba maswali ya zamani, alikutana naye ngazini na maboksi mkononi. "Hongera, Daktari," akasema, akapita. Kwenye chumba cha chai watu waliendelea kumsogezea sukari, ila mazungumzo yakawa yanakatika akiingia. Aliandika barua kwa mkuu wa kitivo, kurasa tatu, akaeleza kila kitu. Baada ya wiki tatu akajibiwa kwa cheti, kimewekwa kwenye fremu ya plastiki ya dhahabu, cha kumtambua kwa mchango wake katika kuboresha ufundishaji. Mumewe alikigeuza huku na huku, akasema kioo chake angalau kinafaa, akakitoa, akakikata, akakitumia dukani.

Kwa mdogo wake alikwenda siku ya Jumamosi, mchana, shemeji hayupo. Mdogo wake alimsikiliza huku akikunja nguo za watoto, na kila nguo aliikunja mara mbili.

"Dada, usiniweke katikati," alisema mwisho. "Wewe ni dada yangu. Yeye ni baba wa watoto wangu. Nifanye nini?"

"Sijakuambia ufanye kitu. Nimetaka tu ujue."

"Nilijua," akasema mdogo wake kwa sauti ya chini, na hapohapo akaonekana anajuta. "Si yote. Aliniambia kuna kazi atakupa, na kwamba huenda mwisho hutaipenda. Nikadhani ni mambo yenu ya ofisini."

Mama Wastani alichukua mkoba wake. Hakugombana, hakupaza sauti. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba la shemeji lilimchoma, lakini hili la mdogo wake lilimkata maini.

Kwenda kwa Mzee Chaki ilimchukua mwezi mzima kupata ujasiri. Mke wa Mzee alimfungulia, akamkaribisha kwa heshima kama mgeni wa mbali, na hilo likamuuma, maana katika nyumba ile aliwahi kujipakulia chakula mwenyewe. Mzee alikuwa uani nyuma, anapiga msasa mguu wa stuli. Mama Wastani alimwamkia, akajibiwa vizuri. Akaeleza yote, tangu Jumapili ile mpaka ile simu ya ukurasa wa kumi na saba. Akamnyooshea ripoti nzima, kurasa zote arobaini na moja.

Mzee hakuipokea. Msasa ukaendelea.

"Nilidhani nazungumza na mwanangu," alisema. "Kumbe nilikuwa nazungumza na tume."

"Mwalimu, nami nilidanganywa."

"Najua. Nimekufundisha, nakujua huna hila." Akapuliza vumbi la mbao. "Lakini ile sentensi, kwamba nimekiri, aliyeiandika nani?"

"Mimi."

"Ukaona neno zuri, kukiri?"

Aliiacha ripoti juu ya benchi, akaaga. Miezi baadaye alikutana na mke wa Mzee kwenye foleni ya duka la dawa, akaambiwa kwamba Mzee ameisoma mara mbili, na kwamba alisema ni kazi safi, kazi ya mtu aliyefundishwa. "Basi nije kumsalimia?" aliuliza kwa matumaini. Mke wa Mzee alimshika mkono. "Bado, mama. Mwache kwanza."

Mwaka uliofuata alisimama mbele ya wanafunzi mia sita na arobaini, ukumbi uleule, wengine wamekaa ngazini, wengine dirishani kwa nje. Hesabu za msingi hazikuwepo tena mahali popote, si mwanzo wala mwisho. Alijaribu kuzibana kwenye wiki zake mbili za kwanza, akakimbia nazo kama mtu anayefukuzwa. Vikaratasi alivigawa mara tatu, akavisoma mpaka macho yakauma, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa anajua wamepotea wapi na hakuwa na cha kuwafanyia. Mtihani ulipotoka, walioanguka walikuwa zaidi ya nusu.

Shemeji wakati huo alikuwa amekuwa mkuu wa kitivo. Alimwita, akamwagizia chai, akamwambia matokeo yanatisha na kwamba anaunda kamati ya kuyaangalia. "Wewe ndiye mwenyekiti wangu. Safari hii vikundi vidogo tutavipata, nakuahidi."

"Sina mawazo," alisema Mama Wastani.

"Wewe? Usinitanie."

"Nilikuwa nayo, kurasa arobaini na moja, Mkuu. Ulizichukua mbili." Akanyanyuka. Chai hakuigusa. Lile neno "Mkuu", mahali pa shemeji, alilisema bila hasira, na akamwona limempata, maana alishika shingo ya shati kama linambana.

Mwishoni mwa mwaka ule aliomba kazi chuo kidogo cha ualimu, mji mwingine, cheo cha chini. Kule wangempa darasa la watu thelathini na sita, na mkuu wa chuo, mama mmoja mkavu asiye na maneno mengi, alimwambia kwenye usaili kwamba masomo ayapange atakavyo, mradi wanafunzi wafaulu. Mumewe alisema watu wasioona vizuri wako kila mahali, akaanza kufunga vioo vyake kwenye magazeti.

Siku ya kuhama, mdogo wake alikuja kuwasaidia. Walifunga vyombo pamoja sebuleni, kimyakimya, mikono yao ikijuana kama zamani, huyu akishika, yule akizungusha karatasi. Walipofika kwenye glasi, mdogo wake akasema, bila kumtazama, "Yuko nje. Kwenye gari. Amesema ukitaka kumuaga ataingia."

Mama Wastani alisogea dirishani. Gari lilikuwa mbele ya geti kabisa, injini inanguruma, na nyuma ya kioo alikiona kichwa cha shemeji kimeinama, labda juu ya simu. Alimtazama kwa muda. Kisha akarudi, akapiga magoti mbele ya boksi, akachukua glasi nyingine.

"Mwambie asogeze gari mbele kidogo," alisema. "Lori la mizigo linakuja."